Kiti cha Binti wa Dukani

Duka la kizamani likifungwa Mji Mkongwe, Zanzibar, watu hulilia mlango. Picha hupigwa na kusambazwa kwenye simu, mzee mmoja hukumbusha kwamba hapo ndipo aliponunuliwa kanzu yake ya kwanza ya sikukuu, na baada ya wiki chache mahali pale huning'inizwa vikoi na picha za Tingatinga za kuuziwa watalii. Hapo ubishi huanza. Wapo wanaosema tumeuza urithi wetu kwa dola. Wapo wanaonyoosha kidole Michenzani, kwenye jengo la maduka la ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kisha Darajani palipojengwa upya, kisha masoko mapya ya Jumbi na Mwanakwerekwe, na kuuliza nani leo ana haja ya duka lenye pangaboi linalolia na kaunta iliyolika kwa viwiko vya wateja. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda, na kinachonishangaza ni kuwa pande zote mbili zinazungumzia majengo. Aliyekuwa amesimama nyuma ya kaunta hatajwi.

Katika maduka mengi niliyoyajua, mtu huyo alikuwa msichana aliyemaliza skuli juzi. Hoja yangu ni hii: kwa binti wa miaka kumi na minane au ishirini anayeanza kazi yake ya kwanza, duka lile lilikuwa chuo cha biashara kilicholipa vibaya na kufundisha vizuri. Duka jipya la vioo na viyoyozi limegeuza mizani: linalipa afadhali, karatasi zake zinaeleweka, na linafundisha kidogo sana. Tukiendelea kubishana juu ya milango na vioo tutayapoteza yale mafunzo na wala hatutakuwa na hakika na huo mshahara. Na yote mawili, naamini, yangeweza kukaa pamoja lau kuna mtu angejishughulisha nayo.

Kwa aliyekulia katika zama za kujichukulia bidhaa kwenye rafu na kuzitia kikapuni, inafaa nieleze duka hilo lilivyo. Mteja haingii kwenye mali. Yeye husimama upande wake wa kaunta, na mali yote iko upande wa pili: majora ya vitambaa yamepangwa mpaka karibu na dari, kanga zimekunjwa doti kwa doti, chini ya kioo kuna vifungo, nyuzi, manukato na saa, na ndani zaidi mna vyombo, mashuka, mapazia, mikoba ya skuli na sare. Kila pembe ina mwuzaji wake. Anapima, anakata, anaandika kikaratasi, na mteja anakipeleka kikaratasi kwa tajiri, aliyekaa karibu na mlango mbele ya droo ya fedha. Ukingoni mwa kaunta ya vitambaa hupigiliwa misumari midogo ya shaba, huu wa nusu yadi na huu wa yadi, ili mkono usidanganye. Ni jamaa wa mbali wa yale maduka makubwa ya Ulaya yaliyokusanya kila kitu chini ya paa moja, kama Le Bon Marché ya Paris ambayo Aristide Boucicaut alianza kuikuza mwaka 1852. Lakini Boucicaut alibandika bei isiyobadilika juu ya kila kitu. Sisi tulichukua zile pembe, bei tukaiacha kuwa mazungumzo.

Biashara ya namna hii ina umri hapa. Kitambaa kinachoitwa marekani kilipewa jina hilo kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa huko, hasa wa mji wa Salem, waliozoea bandari yetu hata kabla ya Seyyid Said kutia saini mkataba na serikali yao mwaka 1833. Waliokiuza rejareja walikuwa Wahindi, na baadaye Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut, wakajaza vichochoro kwa maduka ya chakula. Mapinduzi ya 1964 yaliwaondoa wengi katika hao, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wazee wetu walijifunza neno foleni kwa miguu yao wenyewe. Kisha ukaja mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, biashara ikaachiwa, na ghafla watu wa bara wakawa wanavuka bahari kuja kununua redio na vitambaa Darajani. Nionavyo mimi, hapo ndipo msichana alipoingia dukani. Zamani kazi ya kuuza ilikuwa ya watoto wa kiume wa mwenye duka, wapwa zake na karani mmoja mzee. Njia ya Dubai ilipofunguka, watoto wa kiume wakawa safarini kutafuta mzigo, au wakafungua maduka yao, na tajiri akabaki na kaunta tatu na mikono miwili.

Msichana hakuajiriwa kwa tangazo. Tajiri alikuwa anafahamiana na baba yake, au mama yake alikuwa mteja wa miaka mingi, na maneno yalimalizika pale pale: atakuwa nyumbani kabla ya Magharibi, hatakwenda bandarini kupokea mzigo, atavaa buibui lake. Wapo watakaosema huo ni utumwa wa heshima, kwamba binti alihamishwa kutoka mikononi mwa baba kwenda mikononi mwa tajiri. Siwakatalii sana. Lakini ndivyo alivyopata kutoka nyumbani kwenda kupokea fedha yake mwenyewe, katika nyumba ambazo kazi ya hoteli ilikuwa haizungumzwi mezani. Mwani ulimpa mwanamke wa Paje na Jambiani kipato chake kuanzia mwaka 1989. Msichana wa mjini hakuwa na pwani ya kufunga kamba. Alikuwa na kaunta.

Alijifunza nini hapo? Hapa sitakwenda mbio, maana ndipo wanapokosea wanaoiita kazi hii kazi ya kupitishia wakati.

Tuanze na kanga. Kanga haiuzwi kwa rangi peke yake, inauzwa kwa jina. Mama akija akasema, "Mwanangu, nitafutie doti ya kumpelekea mkwe wangu," na binti akamtolea yenye kijembe, amemtilia mtu moto nyumbani kwake. "Hasidi hana sababu" ina pa kwenda na pasipo pa kwenda. "Japo sipati tamaa sikati" inaweza kuwa mapenzi na inaweza kuwa vita, inategemea imemfikia nani. Kisutu kina siku yake, nayo ni siku ya harusi. Binti lazima ayajue majina ya doti mia na zaidi bila kuzikunjua, amsome mteja usoni kama anataka kufurahisha au kuchoma, na amwongoze bila kumwuliza swali la kumwaibisha mbele ya wateja wengine. Mtu anayeliweza hilo kwa saa nane, siku sita za wiki, ana utaalamu ambao kwingineko watu hulipia kuusomea.

Kuna na nguo ambazo hazina jina. Kwa miaka mingi wanawake wa mji huu walinunua sidiria kwa wanaume. Walinong'ona namba, wakapewa kitu kimefungwa kwenye gazeti, wakakijaribu nyumbani na kukirudisha kwa kumtuma mtoto. Wanaosema haifai mtoto wa kike kusimama dukani akitazamwa na watu hawajawahi kuniambia kama ilifaa mama zao kunong'ona namba zile kwa kijana asiye maharimu wao. Msichana alipoingia nyuma ya kaunta, stara ya mteja ndiyo iliyofaidika kwanza.

Na kuna sanda. Mimi nilianza kazi katika duka la namna hii mwaka 1991, na somo ninalolikumbuka kuliko yote lilichukua dakika tano. Asubuhi mapema aliingia mwanamme, hakusalimia vizuri, akasema, "Bafta." Nikamjibu kwa bashasha kama nilivyofundishwa, nikamtajia bei, nikaanza kumwonesha aina mbili. Dada aliyekuwa pembe ya pili akaja akaniweka kando kwa bega, akamwuliza mambo mawili tu kwa sauti ya chini: ni mwanamke au mwanamme, na ni mtu wa kimo gani. Alijua kuwa sanda ya mwanamme ni nguo tatu na ya mwanamke ni tano, na kwamba hesabu ya yadi haifanywi na mfiwa. Akakata, akakunja, akapokea alichopewa bila kuhesabu mbele yake. Alipotoka, dada aliniambia: mwenye sanda haambiwi karibu tena. Sijaona mafunzo ya huduma kwa wateja, katika semina zote nilizohudhuria baadaye, yaliyoweka jambo hilo kwa ufupi namna ile.

La daftari la mkopo nitalipitia kwa haraka, ingawa Pemba lingestahili makala yake. Chake Chake na Wete, duka hukopesha kwa kuitazama mikarafuu: msimu ukiwa mzuri deni linalipwa kwa mkupuo, msimu ukiwa mbaya deni linalala. Binti anayeshika daftari hilo anajua nani ana shamba lake, nani anachuma kwa ujira, nani alilipwa na Shirika la Biashara, mnunuzi wa karafuu wa serikali, na bado hajapita dukani. Benki huita hayo tathmini ya mkopaji na huwalipa watu vizuri kwa kuyafanya.

Sasa tuutazame upande wa jengo jipya kwa haki, maana hoja zake za kweli ni nzito kuliko zile zinazopigiwa kelele. Mwajiri aliyepanga chumba katika jengo la kisasa ana leseni ukutani na jirani anayemwona. Risiti za kielektroniki zinazodaiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar zinaacha alama ya kila mauzo, na tajiri ambaye mauzo yake yanaonekana hawezi kumwambia binti kila mwisho wa mwezi kuwa biashara ilikuwa mbaya. Mwaka 2024 kima cha chini cha sekta binafsi kilifikishwa shilingi 347,000 kwa mwezi. Ni rahisi zaidi kukidai kima hicho mahali penye mkataba kuliko mahali ambapo mshahara ni bahasha na dua. Bei iliyobandikwa inampunguzia msichana nusu ya kero, kwani kupatana bei, kwa ladha yake yote, humpa kila mwanamme mwenye shilingi elfu mbili ruhusa ya kumshikilia kwa maneno robo saa. Na kuna hoja ambayo watetezi wa urithi hawapendi kuisikia. Duka la zamani lina stoo ya nyuma, yenye giza, na ufunguo wake uko kwa tajiri. Wasichana wengi walikuta matajiri waliokuwa kama baba kwao. Si wote. Duka la vioo lenye kamera limewapunguzia baadhi yao hofu ambayo hawakuwahi kuweza kuisema nyumbani, kwa kuwa tajiri alikuwa rafiki wa baba.

Kwa hiyo sitaki kumrudisha mtu nyuma. Lakini upande huo una hoja nyingine zisizostahili kupita bila kuguswa, na iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa kuliko zote: kwamba kazi ya dukani ni ya aliyefeli, yeyote anaiweza, kwa hiyo haijalishi inafanyikia wapi wala inafundisha nini. Nimekwisha kuijibu kwa kanga na sanda. Naongeza mfano mmoja wa mbali. Margaret Bondfield aliingizwa dukani huko Hove, jirani na Brighton, Uingereza, akiwa na miaka 14, katika zama ambazo wasichana wa maduka walilazwa kwenye vyumba vya mwajiri na kukatwa mshahara kwa makosa madogo. Aliyajua maduka kwa ndani kiasi kwamba baadaye aliajiriwa humo kwa siri ili aandike hali za wafanyakazi, na mwaka 1929 akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi yake, wizara yake ikiwa ya kazi. Simleti hapa kusema kila binti wa Mlandege atakuwa waziri. Ninachotaka kionekane ni kuwa alichojifunza nyuma ya kaunta kilikuwa maarifa, na serikali ilipomhitaji mtu wa kusimamia kazi, maarifa hayo yalikuwa na thamani.

Hoja ya pili ni kuwa majengo makubwa ndiyo ajira ya kudumu, na vibanda vya kizamani vinakufa kwa kuwa havina nguvu. Watu wa Dar es Salaam wangecheka. Shoprite, kampuni ya supamaketi ya Afrika Kusini, iliuza maduka yake huko kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Kampuni nyingine ya Kenya, supamaketi za Uchumi, ikafunga milango na kuondoka nchini mwaka 2015. Nakumatt nayo ikaporomoka, na kufika mwaka 2020 ikafilisiwa kwao Kenya. Katika miaka michache msichana mmoja angeweza kuvaa sare za kampuni mbili kwenye rafu zile zile na kubaki bila kazi mara zote mbili. Na alipotoka alikuwa na ujuzi gani wa kumpeleka mbele? Aliipitisha bidhaa mbele ya mashine, mashine ikalia, skrini ikataja bei. Hakuchagua mzigo, hakujua umenunuliwa kwa kiasi gani, hakuruhusiwa kupunguza hata shilingi mia, hakujua mteja anaitwa nani. Dada yule wa sanda, tajiri wetu alipozeeka na duka kufungwa, alipanga chumba Ng'ambo na kuanza kuuza vitambaa kwa wateja wale wale, kwa kuwa walimjua yeye zaidi kuliko walivyolijua duka. Keshia wa supamaketi hawezi kuondoka na wateja wa supamaketi.

Sidai kuwa mambo lazima yawe hivyo. Duka jipya linaweza kufundisha kama likitaka, na yapo maduka madogo ndani ya majengo hayo mapya ambayo bado ni yale yale ya zamani yaliyohamia kwenye kioo, na tajiri bado yuko mlangoni. Wanaotazama kioo tu hawayaoni.

Nirudi kwenye ubovu wa duka la kizamani, maana nimelisifu vya kutosha. Katika lile nililofanyia kazi mimi kulikuwa na kiti kimoja, nacho kilikuwa cha tajiri. Wateja waliwekewa benchi. Wauzaji wanne tulisimama kuanzia saa mbili asubuhi, na katika kumi la mwisho la Ramadhani, mji mzima ukinunua nguo za Idi, tulirudi baada ya tarawehe na kusimama mpaka karibu na daku. Hakuna aliyetukataza kukaa. Hapakuwa na pa kukaa tu, na aliyeegemea stuli ya kupandia rafu aliulizwa kama anaumwa. Nilipoondoka nilipewa doti ya kanga, shilingi kadhaa na dua njema. Sikupewa barua. Mwajiri wangu wa pili aliponiuliza nimefanya kazi wapi, nilikuwa na miaka mitatu ya kumtajia kwa mdomo na hakuna kipande cha karatasi.

Suala la kiti linaweza kuonekana dogo katika makala inayojidai kuzungumzia uchumi. Waingereza waliliona kubwa kiasi cha kulitungia sheria mwaka 1899, iliyomtaka mwenye duka aweke kiti kimoja kwa kila wasichana watatu. Jimbo la Kerala, India, lilibadilisha sheria yake mwaka 2018 baada ya wanawake wa maduka ya sari kudai haki ya kukaa, na Tamil Nadu ikafuata mwaka 2021. Zingatia ni maduka gani: ya vitambaa, yenye majora na rafu na mwenye duka karibu na mlango, binamu kabisa wa haya ya kwetu. Wanawake wale hawakuomba maduka yafungwe ili wapate kazi za kisasa. Walitaka kiti mahali pale pale walipo. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na muuza duka haikumtenga. Kinachokosekana ni mtu wa kuifikisha hadi nyuma ya kaunta ya msaji katika uchochoro ambao gari ya mkaguzi haiingii. Serikali inakagua kwa urahisi palipo na mlango mmoja mkubwa, na hii ndiyo sababu moja ya kimyakimya inayofanya majengo makubwa yaonekane yana haki zaidi. Huenda yana ukaguzi zaidi tu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa na yeyote, nalo ni adhuhuri. Duka la kizamani hufungwa mchana. Watu wanaswali, wanakula, wanajinyoosha, na alasiri milango hufunguliwa tena. Wageni hulalamika, na vijana wa biashara huita uvivu. Lakini kwa mwanamke aliyeolewa akiwa bado kazini, saa zile mbili au tatu ndizo zilizomwezesha kubaki. Alikwenda nyumbani kwa miguu, akamnyonyesha mtoto, akapakua chakula kilichopikwa usiku, akarudi. Jengo kubwa halifungi mchana, na lina zamu. Zamu ya jioni humtoa binti saa tatu au saa nne za usiku, na kama anaishi Fuoni au Bububu, nauli na hofu ya kituo cha daladala vinaingia kwenye hesabu ya mshahara. Sheria inatoa likizo ya uzazi. Hakuna sheria inayotoa adhuhuri. Kwa hiyo usishangae msichana wa jengo jipya akiacha kazi mara tu anapojifungua wakati mwenzake wa uchochoroni amebaki miaka kumi kwa mshahara mdogo kuliko wake. Wachumi wakimwona yule wa pili watasema hajui maslahi yake. Anayajua mpaka kwenye dakika.

Yote haya yana uzito zaidi leo kwa sababu ya idadi yetu. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569, na ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ni ongezeko la zaidi ya laki tano na themanini elfu katika miaka kumi, na skuli zetu kila mwaka zinatoa wasichana ambao hawatakwenda chuo kikuu na hawatatosha wote hotelini. Biashara ya rejareja itawachukua wengi, tupende tusipende. Swali ni watajifunza nini humo. Uanagenzi tumeuzoea kwa fundi seremala, fundi umeme, mpishi wa hoteli. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Unguja na Pemba, na hakuna anayeshangaa kijana akipewa cheti kwa ujuzi wa mikono yake. Mwuza vitambaa ana mikono pia. Ingewezekana kabisa tajiri wa Mkunazini akasaini kuwa binti huyu ameshika pembe ya vitambaa kwa miaka miwili, anapima, anajua mali, ameshika daftari bila upungufu, na karatasi hiyo ikatambuliwa na mwajiri mwingine au na mkopeshaji atakapotaka mtaji. Tajiri asingepoteza kitu. Pengine angepoteza kimoja: binti ambaye hawezi kuondoka kwa sababu hana karatasi.

Na wapangishaji wa majengo mapya, ambao baadhi yao wanatumia fedha za michango ya wafanyakazi wa nchi hii, wangeweza kuuliza maswali mawili zaidi kabla ya kutoa chumba. Saa za zamu zimepangwaje, na wauzaji watakaa wapi. Mfuko uliojengwa kwa makato ya mishahara una haki ya kuuliza hayo kuliko mwenye nyumba mwingine yeyote.

Kaunta ya duka nililoanzia kazi ilinunuliwa na hoteli moja. Mwaka jana nilikwenda hapo kuonana na mgeni, nikaikuta mapokezi, imepigwa vanishi inang'aa, na misumari ya shaba bado ipo ukingoni. Nilipitisha kidole kutoka wa nusu yadi hadi wa yadi. Binti wa mapokezi alinitazama akacheka. "Mama, wageni wote wanaiuliza hiyo misumari," akasema, "mie huwaambia ni nakshi." Nikamwonesha namna ya kupima: kitambaa kinavutwa hivi, hakikazwi, kidole gumba kinashika hapa. Akarudia mara mbili kwa ushungi wake mwenyewe, akapata. Kisha simu ikalia, akaipokea akiwa ameegemea kaunta kwa kiwiko, mguu mmoja ameutoa kwenye kiatu.